Sumu Ndani ya Kiputo cha Mafuta

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Bwana Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu tuliokula maharage ya jiko hili, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma:

Nimeombwa nieleze kazi yangu. Mimi ni mfamasia wa wodi ya saratani, na kazi yangu ni kupima na kuchanganya sumu. Nasema sumu kwa makusudi. Doksorubisini, ile dawa nyekundu, huua chembe hai zinazogawanyika upesi. Chembe za saratani zimo, lakini za mizizi ya nywele na za uroto wa mifupa zimo vilevile. Tena huudhuru moyo, na madhara hayo hujilimbikiza. Kwa hiyo twahesabu kila miligramu tangu sindano ya kwanza. Hesabu ikifika kikomo twaacha, hata kama uvimbe bado unaitii dawa.

Nani anakumbuka kuosha masufuria ya nyama kwa maji baridi? (Bweni letu lilipewa zamu hiyo kupita mabweni yote, na deni hilo bado nalidai.) Mafuta hukataa maji. Lakini yako mafuta, kama yale ya kiini cha yai, ambayo kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Yatie majini: mikia itajificha katikati, vichwa vitaelekea maji, na utando huo utajikunja uwe kiputo chenye maji ndani. Alec Bangham aliviona viputo hivyo kwa hadubini ya elektroni huko Babraham, karibu na Cambridge, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vinaitwa liposomu.

Wengine wakauliza: tukitia sumu humo, je? Viputo vya mwanzo vilinaswa mara moja na ini na wengu. Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon wa Jerusalem, pamoja na wenzao wa Marekani, walivivika koti la polietilini glikoli ili walinzi wa mwili wasivitambue upesi. Kiputo kimoja ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hakipenyi kwa urahisi mishipa mizima ya damu, kama ile ya moyo. Lakini mishipa ya uvimbe hujengwa haraka na vibaya, huvuja, na kiputo hupita. Mwaka 1995 Marekani iliiruhusu dawa hii kwa saratani ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI, ugonjwa ambao sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa.

Lakini wanafunzi, msidhani kiputo kina macho. Si kila uvimbe unavuja. Katika saratani ya matiti iliyosambaa, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba dawa ya kiputo haikuishinda ile ya kawaida kwa kuzuia ugonjwa. Ushindi wake ulikuwa moyo kuumia kidogo zaidi. Na viputo, kwa kuzunguka damuni siku nyingi, huvujia pia viganja na nyayo.

Hilo nilifundishwa na mama mmoja, fundi cherehani. Moyo wake ulikuwa unakaribia kikomo, tukambadilishia. Nilimweleza habari za moyo kwa fahari kubwa. Baada ya sindano ya tatu viganja vyake vilikuwa vyekundu, vinachubuka, hawezi kushika sindano yake mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, moyo mmeuokoa. Sasa nitashonea nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimemwuliza anakula kwa kazi gani. Daktari alisogeza mbele sindano iliyofuata na kupunguza kipimo. Mama akaepuka maji ya moto na kusugua mikono, na ngozi ikarudi polepole. Siku hizi, kabla sijafungua kichupa, swali langu la kwanza kwa mgonjwa ni kazi ya mikono yake.

Mwalimu wa kemia amenikubalia maabara kesho saa nne. Njooni na mayai mawili na mafuta ya kupikia kidogo, mwone jinsi kiini kinavyopatanisha mafuta na maji. Wazee nao wanakaribishwa, ila masufuria safari hii mtaosha ninyi.