Namba ya OB Kwanza, Mpelelezi Baadaye

Jamaa akipotea hapa Kenya, familia huambiwa mambo mawili kabla jua la siku hiyo halijatua. La kwanza: subirini saa 24. La pili husemwa kwa sauti ya chini na mtu anayejifanya kuujua mji: polisi mtawangoja mpaka lini? Tafuteni mpelelezi wa kibinafsi.

Hilo la saa 24 si sheria. Taarifa huandikishwa saa ileile kwenye kitabu cha matukio (OB), ukapewa namba yake. Lakini kituoni tunakujua. Mama amesimama kwenye kaunta, picha ya mwanawe mkononi, na askari, bila kuinua macho, anamuuliza kama kijana hana mpenzi mahali. Akirudi siku ya tatu anaambiwa gari lipo, mafuta hayapo. Hapo ndipo mpelelezi wa kukodi alipopatia soko. Ukimpigia usiku anapokea, na anamwita mama "mama".

Sina ugomvi na kazi hiyo. Mwenye subira ya kuzunguka hospitali na makafani, akazungumza na makanga wa stejini na mabawabu wa zamu ya usiku, anafanya jambo ambalo afisa aliyelemewa na mafaili halifanyi. Balaa huanza anapoahidi rekodi za simu. Kampuni za simu huzitoa kwa amri ya mahakama. Anayekuletea keshokutwa, mradi umemtumia pesa kwa M-Pesa, ama amezinunua kwa magendo ama amezitunga. Na chini ya Kifungu cha 50 cha Katiba, ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu unaweza kukataliwa mahakamani. Utakuwa umelipa ili kesi yako mwenyewe iharibike.

Halafu kuna Shakahola, msitu wa Kilifi walikozikwa waumini wa dhehebu moja. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni humo kuanzia Aprili 2023. Ilihitaji amri ya mahakama, wataalamu wa maiti na vipimo vya DNA katika maabara ya serikali, na hata hivyo familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Mpelelezi gani wa kibinafsi angefukua hata kaburi moja?

Mtaniuliza: na polisi wenyewe wakiwa ndio washukiwa? Swali zito hilo, na jibu lake limo katika kesi ya wakili Willie Kimani. Yeye, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoweka tarehe 23 Juni 2016 baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Akiwa amefungiwa katika kituo cha polisi wa utawala Syokimau, Kimani aliandika kwenye karatasi ya chooni akiomba mkewe apigiwe simu, akaitupa nje ikaokotwa. Wiki moja baadaye miili yao ilitolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk. Mawakili waliandamana, wakaifuatia kesi kwa miaka. Februari 2023, Jaji Jessie Lesiit alimhukumu afisa Fredrick Leliman kifo, na washtakiwa wenzake watatu vifungo gerezani. Angalieni waliowafikisha kizimbani: wapelelezi wa serikali na waendesha mashtaka, huku mawakili wakiwa nyuma yao hawawapi usingizi.

Kwa hiyo mkishuku kwamba mtu wenu yuko mikononi mwa dola, ile pesa ya mpelelezi mpeni wakili aende Mahakama Kuu siku hiyohiyo, kudai mtu huyo aletwe mbele ya jaji. Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema haki hiyo haiwezi kuwekewa mipaka.

Kwa mengine yote, anzieni kituoni. Msitoke bila namba ya OB na jina la afisa aliyekabidhiwa faili. Mkifukuzwa, pelekeni malalamiko IPOA, mamlaka inayowasimamia polisi. Mpelelezi mkimtaka, mdai leseni yake kabla ya senti ya kwanza. Na kwenye lile tangazo mnalosambaza mitandaoni, msiweke simu ya mama mzazi: matapeli watampigia wakisema wamemwona mtoto, watumiwe nauli wamlete. Kuandikisha taarifa kituoni ni bure. Anayewaomba pesa hapo, mwandikeni jina lake pia.