Namba ya Siri ni Amana

(Maneno kwa wahazini wa vikundi vya kuweka na kukopa)



Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, fedha nyingi za vikundi zimehama kutoka sanduku la kufuli tatu kwenda kwenye simu. Sanduku lilihitaji watu watatu kulifungua. Simu hufunguliwa na mmoja. Hapo ndipo mwizi anapopita.

Mimi mwenyewe nililetewa ujumbe: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Siku hiyo kikundi kilikuwa kinadaiwa rambirambi, nikatuma bila kuuliza. Zilikuwa fedha za wajane. Niliuza mbuzi wangu nikazirudisha.

Nawaomba mambo manne. Namba ya siri asipewe mtu, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Ujumbe wa “umepokea” si fedha; angalieni salio. Kabla ya kutuma, mpigieni mhusika kwa namba mnayoijua, na mwenzenu awe shahidi. Simu ikikosa mtandao ghafla, huenda laini imehamishwa; toeni taarifa mara moja.