Kivuli, Maji, Kisha Tandiko: Kumpoza Mbwa Wakati wa Joto

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakazi wa Busia na Malaba



Kati ya Desemba na Machi, jua la Busia na Malaba huwa kali na mabati hayashikiki. Watu huhamia chini ya mwembe. Mbwa aliyefungwa mnyororo hana pa kuhamia. Usiku kucha amelinda duka, boma au yadi. Mchana, wakati wake wa kulala, anahema ndani ya kibanda cha bati.

Binadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa hutoa kidogo tu kwenye nyayo, na joto jingi hulitoa kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Joto la kawaida la mwili wake ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika, na mbwa anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Mwenye mbwa anaweza kumsaidia kwa tandiko la kushona nyumbani, bila kununua kitu cha bei ghali. Siri yake ni ile ya mtungi wa maji: maji yanayopenya nje hukauka kwa upepo, na yakikauka huondoka na joto. Kwa hiyo tandiko hufanya kazi penye kivuli na hewa. Likiwekwa ndani ya kibanda cha bati kisicho na dirisha, mbwa atakuwa kama anayepikwa kwa mvuke. Kivuli kwanza, maji ya kunywa pili, tandiko tatu.

Vifaa ni hivi: gunia la katani kwa upande wa chini, shuka nzito ya pamba kwa upande wa juu, na taulo kuukuu mbili za kuweka katikati. Vyote hupatikana nyumbani au kwa wauza mitumba. Gunia lililobeba mbolea au mbegu zilizotiwa dawa lisitumike hata likifuliwa, kwa sababu mbwa hulamba anapolalia. Vitambaa vyote vifuliwe kwanza.

Mshonaji ampime mbwa akiwa amelala ubavu, kisha aongeze sentimita 15 kila upande. Apange gunia, taulo na shuka, akunje pindo mara mbili na kushona kuzunguka kwa uzi imara. Baada ya hapo apitishe mishono ya kukata katikati, kila baada ya sentimita 10, ili taulo zisijikunje upande mmoja zikilowa. Cherehani hurahisisha kazi, lakini sindano ya magunia inatosha. Asiweke vifungo, zipu wala sponji. Wapo wanaojaza chembe za ndani ya nepi kwa sababu hunyonya maji mengi. Mbwa akitafuna tandiko hilo, chembe hizo zinaweza kuvimba na kumziba utumbo.

Kutumia ni rahisi. Tandiko lichovywe kwenye maji safi, likamuliwe hadi liache kudondosha, kisha litandikwe kivulini, shuka ikiwa juu. Likiwekwa juu ya vipande vya mbao, hewa hupita chini yake. Likikauka, lichovywe tena. Jioni lianikwe ili lisiote ukungu, na lifuliwe kila wiki ili viroboto wasizaliane humo. Mbwa asilazimishwe kulilalia, wala asifungwe juu yake. Aachiwe nafasi ya kuondoka akihisi baridi.

Mbwa akishazidiwa, tandiko pekee halitoshi. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida tumboni na miguuni, apepewe, na aitiwe daktari wa mifugo. Asifunikwe kwa kitambaa kibichi na kuachwa hivyo, kwa maana kitambaa hicho hupata moto na kuzuia joto kutoka. Asinyweshwe kwa nguvu akiwa amezimia.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Mbwa aliyezidiwa na joto hutokwa na mate na kupepesuka. Mwenye kichaa pia anaweza kuwa hivyo. Mmoja hupigwa mawe bure. Mwingine hushikwa na mtoto anayemhurumia. Ndiyo maana kila mbwa apate chanjo kila mwaka na kadi yake itunzwe. Katika mji wa mpakani mbwa huvuka bila kuulizwa, na ugonjwa huvuka naye. Mbwa asiyejulikana chanjo yake asiguswe. Afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni nadra sana apone.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtaka mwenye mnyama ampe chakula na maji ya kutosha. Lakini hata bila sheria, anayelinda mali ya watu usiku anastahili mahali pa kulala mchana. Sindano na uzi vinatosha kumtengenezea.