Kioo Kisiizidi Mashine

Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo walivyosema wahenga. Msimu wa korosho unapokwisha huko kusini, na wakulima wakishalipwa fedha zao kupitia vyama vya msingi, ndipo wauzaji wa vitu ving'aavyo wanapopata wateja. Zamani ilikuwa baiskeli na redio. Siku hizi, miongoni mwa vijana, ni monita ya kuchezea gemu.

Nina mpwa wangu huko Lukuledi, wilayani Masasi. Kwetu sisi, tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba haulizwi mambo ya posa peke yake. Huulizwa na ya mtaji pia. Kijana huyo ana mashine ya PlayStation 4, na alitaka kufungua kibanda cha gemu, wenzake wawe wanalipia kila mechi. Muuzaji mmoja mjini alimwonyesha monita pana, iliyopinda, iliyoandikwa hetzi 165. Bei yake ingemeza karibu fedha yote, pamoja na ile ya palizi na ya kupulizia mikorosho dawa ya ubwiriunga. Akaniuliza, "Mjomba, ninunue?"

Swali hilo halijibiki bila kujua maana ya tarakimu ile. Hetzi ni idadi ya mara ambazo kioo huchora picha upya katika sekunde moja. Kioo cha hetzi 60 huchora mara 60, cha 165 huchora mara 165, na kweli macho huona mwendo laini zaidi. Lakini kioo hakitungi picha. Huletewa na mashine. PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, haipeleki kwenye monita zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Ukiifunga kwenye kioo cha 165, utabaki na zile zile 60. Ni sawa na kununua magunia kumi wakati shamba limetoa manne. PlayStation 5, ya mwaka 2020, inaweza kufika 120, na hapo tena kwa baadhi ya gemu tu. Mwenye kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu ndiye mwenye sababu ya kutafuta kioo cha 144 na kuendelea.

Hesabu hiyo hiyo ni ya vitone vya picha. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina vitone zaidi ya milioni 2. Kile kinachoitwa 4K kina zaidi ya milioni 8, yaani mara nne. Ukiidai kompyuta dhaifu ichore vyote hivyo, gemu litaanza kujikokota, na mchezaji atailaumu kompyuta bure.

Aidha, yapo mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Ile "milisekunde 1" iliyoandikwa kwenye boksi ni muda wa kitone kubadili rangi, tena umepimwa katika hali iliyo nzuri kuliko zote. Sio muda unaopita tangu kijana abonyeze kitufe hadi mpira upigwe. Huo wa pili ndio unaoleta ugomvi kibandani. Televisheni nyingi huchelewesha picha kwa sababu huipamba kwanza kabla ya kuionyesha. Ndiyo maana nyingi zina sehemu ya kuchagua hali ya gemu, nayo hapana budi iwashwe. Monita kwa kawaida haina mapambo mengi, hivyo hujibu upesi.

Tazama pia watakaokaa pembeni. Kibandani wachezaji ni wawili, lakini benchi limejaa watazamaji. Kioo cha aina ya TN hupauka ukikitazama kwa ubavu. Cha IPS hubaki na rangi zake. Cha VA kina weusi mzito unaopendeza, ila vingine huburuza kivuli katika picha za giza. Kisha kuna jua. Kioo kinachong'aa kama maji kitakuonyesha mlango na wapita njia badala ya uwanja, bora kisichometa. Tena monita nyingi hazina spika, kwa hiyo bei ya spika iingie katika hesabu, pamoja na kifaa cha kuulinda mtambo umeme unapopanda na kushuka.

Basi nilimshauri mpwa wangu atafute monita ya inchi 24, vitone 1920 kwa 1080, aina ya IPS, hetzi 60 au 75, yenye tundu la HDMI. Kabla ya kulipa, aombe iwashwe, ionyeshwe nyeupe tupu, nyeusi tupu, kisha nyekundu, kijani na bluu, ili kitone kilichokufa kijulikane dukani na sio nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba kioo hudumu kuliko mashine, hivyo afadhali kununua kikubwa leo na kungoja mashine kubwa kesho. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye mshahara wa kila mwezi. Kwa mwenye shamba haina, kwa sababu mkorosho usiopuliziwa dawa haungoji. Ukikosa mavuno, hiyo mashine ya kesho itanunuliwa kwa fedha gani? Na kioo kitakuwa kimezeeka ukutani kikiisubiri.

Ndugu wasikilizaji, mambo haya si ya Lukuledi peke yake. Hata hapa mjini kuna watu wanaolipia kasi ambayo hawataiona kamwe. Anayetaka monita aanze kwa kuuliza mashine yake inatoa nini, kisha nani atakaa wapi kuitazama, kisha mwanga unaingilia upande gani. Bei aiulize baada ya hapo, na urembo uwe wa mwisho kabisa.