Msuko na Misukosuko
(Maneno yaliyosemwa siku ya Yubile)



Katika siku hii ya shukrani tumechagua neno moja tu, ambalo mama zetu hulitumia kila siku: kusuka.

Kamba husokotwa, nguo hufumwa, bali mkeka, kitunga na nywele husukwa. Tazameni kazi yenyewe. Anayesuka hachanganyi matete yake hata yayeyuke, kama chumvi katika maji. Kila tete hubaki tete. Moja hupita juu, lingine chini. Kisha lile la chini nalo hupanda juu. Hakuna linalokaa juu siku zote, na kwa sababu hiyo mkeka hushika. Kazi hiyo tunaiita msuko.

Walakini neno hilohilo lina maana ya pili. Wafugaji husuka maziwa: hutikisa kibuyu mpaka siagi itoke. Na katika kutikisa huko limezaliwa neno misukosuko, yaani taabu zinazotutikisa.

Nasi tumetikiswa. Katika uwanda huu wa Ruzizi wanaishi Wafuliiru, Warundi, Wavira, Wanyamulenge na wengine waliofuata shamba au malisho. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa sita 2014, kule Mutarule, jirani zetu 30 na zaidi waliuawa, wengine wakiwa katika sala. Wanawake na watoto walikuwemo. Msiba wa namna hii hufumua kwa saa moja yale ambayo wazee waliyasuka kwa miaka mingi: ndoa, soko, urafiki wa mashamba.

Basi tufanye nini? Mama ambaye mkeka wake umefumuka hautupi. Hurudi mahali palipokatika, huingiza tete jipya chini ya lile la zamani, na kuendelea. Hatusemi kwamba mwuaji asihukumiwe, wala kwamba waliofiwa wasahau. Haki nayo ni tete mojawapo. Ukiling'oa, mkeka wote huachia.

Ndugu wapenzi, kabla ya kurudi nyumbani tujiulize: katika mashirika yetu, katika kwaya, katika kamati ya parokia, ni nani anayekaa juu siku zote, na nani chini siku zote? Hapo ndipo msuko wetu utakapokatika kwanza, na hapo ndipo tuanze kusuka tena.