Damu ya hesabu na damu ya kliniki
Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto, Kiwanja

Kaeni vizuri na watoto. Mbele ya kuanza kupima kilo, tuongee kidogo.

Kuna mama anayesema hivi: "Mimi walishanitoboa kidole kule nyumbani, watu wa hesabu ya serikali. Hawakurudia kuniambia kitu. Basi niko muzima." Neno hilo si kweli, na linaweza kuua mtoto. Leo tulieleze.

1. Hesabu ya inchi ni nini?

Serikali inapaswa kujua watu wangapi wana virusi vya SIDA, ili ijue dawa ngapi zinahitajika na zipelekwe wapi. Zamani walihesabu kwa damu ya wamama wenye mimba tu, katika vituo vilivyochaguliwa. Lakini wababa hawaji kupima mimba, na wamama wengine wanazalia nyumbani. Hesabu ile iliacha watu wengi inje. Ndiyo sababu inchi nyingi zilianza kupita nyumba kwa nyumba. Kenya walipima damu hivyo mwaka 2003. Sisi hapa Kongo tulifanya mwaka 2007, halafu tena tangu Novemba 2013 hadi Februari 2014.

Hawapiti nyumba zote. Mama akipika maharagwe, hali sufuria nzima ili ajue kama yameiva. Anakoroga, anachota machache, anaonja. Hesabu nayo ni hivyo. Wanagawa inchi kwa vipande, wanaandika nyumba za kila kipande kilichochaguliwa, kisha wanapiga kura. Mara ile ya pili waliingia nyumba zaidi ya 18,000. Na nyumba ikishachaguliwa, mtumishi hawezi kuchukua jirani pahali pake. Akichukua tu wale walio karibu na barabara, ni kama kuonja maharagwe ya juu na kuacha ya chini.

Lakini jueni hili pia: hesabu ya nyumba inaona watu wa nyumba. Aliyekimbia vita na kulala kambini haingii katika orodha. Sisi wa Kiwanja tunaelewa vizuri. Vita vilipita hapa mwisho wa Oktoba 2013, na hesabu ile ikaanza mwezi uliofuata.

2. Damu ile inaenda wapi?

Katika nusu ya nyumba zile waliomba damu. Mtu anaweza kukataa, hakuna azabu. Akikubali, wanatoboa kidole, matone machache yanawekwa kwenye karatasi na kukaushwa. Karatasi haina jina, ina namba tu. Inatumwa maabara. Mbele ya kuunganisha majibu na maswali, alama zote zinazoonyesha nyumba zinafutwa.

Kwa hiyo hata munganga mukubwa hawezi kujua kama damu ile ilikuwa yako. Hawakurudia kwako si kwa sababu uko muzima. Hawakurudia kwa sababu hawajui waende kwa nani. Ndiyo maana waliwaambia watu pahali pa kwenda kupimwa bure. Wengi waliweka karatasi ile kabatini.

3. Walikuta nini?

Mwaka 2013-2014, katika watu 1,000 wa miaka 15 hadi 49, watu 12 walikuwa na virusi. Tukigawa: katika wanawake 1,000 walikuwa 16, katika wanaume 1,000 walikuwa 6. Mwaka 2007 wanawake walikuwa vilevile 16 katika 1,000. Munaona? Musiba huu unashika wamama zaidi ya wababa. Mwili wa mwanamke unapata virusi kwa upesi zaidi, na mara nyingi si yeye anayeamua mambo ya kitandani.

Mama mwingine atasema: "16 katika 1,000 ni kidogo." Ni kidogo kwa inchi. Kwa yule mama mumoja na mtoto wake, ni kitu chote.

4. Waliuliza pia tunajua nini

Karibu watu wote walisema wamesikia SIDA. Lakini walioweza kujibu maswali yote sawasawa walikuwa wachache sana. Tujibu sisi wenyewe:

– Mtu anayeonekana munene na muzima, anaweza kuwa na virusi? Ndiyo.
– Mbu analeta SIDA? Hapana. Mbu analeta malaria.
– Kula pamoja na mugonjwa kunaambukiza? Hapana.
– Kondomu inakinga? Ndiyo, ikitumiwa kila mara.
– Kukaa na mwenzi mumoja asiye na virusi, ninyi wawili tu, kunakinga? Ndiyo.
– Mama anaweza kumpa mtoto virusi? Ndiyo: katika mimba, wakati wa kuzaa, na katika kunyonyesha.

5. Damu ya kliniki ni yako

Hapa kwenye kliniki ya mimba, damu ina jina lako, na jibu unaambiwa wewe mwenyewe, faraghani, siku ileile. Sheria ya inchi yetu ya mwaka 2008 inakinga mutu mwenye virusi asibaguliwe.

Kwa nini tunakaza neno hili? Bila dawa, katika watoto 100 wa wamama wenye virusi, 15 hadi 45 wanaambukizwa. Mama akinywa dawa kila siku, hawafiki 5. Mtoto naye anapewa dawa tangu kuzaliwa, anapimwa akifika juma la sita. Na mama ananyonyesha: miezi sita maziwa ya mama tu, bila maji, bila uji.

Ukipimwa mwanzo wa mimba ukakutwa huna, rudi upimwe tena mimba ikikaribia kuzaa. Virusi vilivyoingia karibuni havionekani upesi. Na bwana wako aje pia. Jibu lako si jibu lake.

Tukumbuke

1. Damu ya hesabu inasaidia inchi. Watumishi wakija, uwapokee, ni kazi njema.
2. Damu ya hesabu haikupi jibu. Kunyamaza kwao si jibu.
3. Damu ya kliniki ni kwa ajili yako na mtoto.
4. Dawa ni za kila siku, hata ukijisikia muzima. Ukilazimika kukimbia, beba dawa na karatasi yako, na tafuta kituo cha afya cha kwanza utakachokuta.

Mwenye swali aulize sasa. Asiyependa kuuliza mbele ya wenzake abaki kidogo kisha kupima kilo.