Kidonda cha Mguu Kisichopona: Chanzo Ni Mshipa

Westville ni kitongoji kilicho juu ya vilima, magharibi mwa jiji la Durban, Afrika Kusini. Hapo pana hospitali ya binafsi, kampasi ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal na jengo kubwa la maduka liitwalo The Pavilion. Jijini Durban, wakimbizi wengi kutoka mashariki mwa Kongo, wasemaji wa Kiswahili, wamejipatia riziki kwa kulinda magari kwenye maegesho. Ni kazi ya kusimama kutwa, kama ilivyo ya mwalimu, kinyozi au mpishi; nayo humlemea mtu ambaye mishipa ya miguu yake imekwisha kudhoofika.

Damu iliyoteremka hadi unyayoni haina budi kupanda irudi moyoni. Inayoipandisha ni misuli ya shavu la mguu, ambayo huikamua mishipa ya vena kwa kila hatua. Ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyoizuia damu isirudi chini. Vilango hivyo vikilegea, damu hutuama, na vena hutanuka na kujipinda chini ya ngozi mithili ya kamba. Baada ya miaka, mguu huvimba jioni, ngozi ya kifundoni huwa nyeusi zaidi, ngumu na yenye kuwasha, na mkwaruzo mdogo hugeuka kidonda. Aghalabu kidonda hicho huwa upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo.

Hapo ndipo wengi hupoteza muda na fedha kwa poda na vidonge vya antibiotiki, ilhali kidonda kisicho na dalili za maambukizi hakihitaji antibiotiki. Tiba kuu ni bendeji za kubana, zinazokaza zaidi kifundoni na kupungua nguvu kuelekea gotini. Jambo hilo si geni: katika karne ya 19, daktari wa ngozi wa Ujerumani, Paul Gerson Unna, alibuni bendeji yenye zinki ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Hata hivyo, bendeji haifungwi kwa kubahatisha. Kwanza shinikizo la damu la kifundoni hulinganishwa na lile la mkononi. Ikiwa la mguuni halifiki nusu ya lile la mkononi, mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba, na kuubana mguu kwaweza kuuangamiza. Aidha, kisukari na selimundu huleta vidonda vyake, na kidonda sugu chenye kingo zilizoinuka huenda kikawa saratani.

Kutibu kidonda pasipo kutibu mshipa ni sawa na kufuta maji sakafuni huku paa likiendelea kuvuja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa, katika miezi 12, vidonda vilirudi kwa asilimia 28 ya waliofungwa bendeji pekee, lakini kwa asilimia 12 tu ya wale waliofanyiwa pia upasuaji wa vena. Mwaka 2018, utafiti mwingine wa nchi hiyo, uliohusisha wagonjwa 450, ulibaini kwamba kuziba vena mbovu mapema, kwa joto la leza au njia nyingine, kulipunguza muda wa kupona kutoka siku 82 hadi 56.

Tiba hizo ni ghali, na mlinzi wa magari hutegemea hospitali ya umma. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya. Lakini mwaka 2025 waandamanaji waliwazuia wageni kuingia katika hospitali ya Addington, Durban. Anayezuiwa mlangoni hukosa bendeji wiki baada ya wiki, na kidonda hupanuka.

Yapo yasiyohitaji fedha nyingi. Anayesimama sana na atembetembee, au ainue na kushusha visigino. Apumzikapo, mguu uwe juu kuliko moyo. Ngozi ipakwe mafuta yasiyo na manukato, na uzito upunguzwe. Kidonda kikipona, soksi za kubana huendelea kuvaliwa kila siku, kwa maana ngozi imepona lakini vilango havikupona. Na kidonda cha mguu kilichopita wiki mbili bila kuonyesha dalili ya kufunga kisiendelee kufichwa ndani ya suruali: kipelekwe kwa daktari.